Nusu Gunia la Sufu

Mume wangu ana wake wawili, na mie ndiye wa kwanza. Nalisema hili mapema ili nisiulizwe njiani. Nyumba yangu iko juu ya kilima, hapa hapa Wingwi, na ya mwenzangu iko bondeni, karibu na msikiti. Mzee hulala kwangu siku mbili, kwake siku mbili. Ndivyo tulivyokwenda miaka ishirini na kitu, na zamu haikuwahi kupinda, si kwa mvua wala kwa homa.

Mwenzangu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano. Ana meno yake yote. Akicheka, kicheko chake kinapanda kilima hakichoki, mie niko jikoni nakisikia. Wajukuu zangu wananiambia, bibi, ushamzoea sasa. Nilichozoea ni kunyamaza. Yeye sijamzoea.

Mambo ya sufu yalianza na magoti ya Mzee. Yalianza kumuuma msimu wa masika, na kilima chetu si cha mchezo, udongo wake ukilowa unateleza kama bamia. Akawa anapanda kidogo, anafika kwenye lile jiwe la katikati ya njia, anakaa. Mie niko juu namtazama. Kuna siku alikaa pale mpaka adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, akageuka akarudi bondeni kusali, na hakupanda tena mpaka kesho yake. Ilikuwa siku yangu.

Alipokuja, baada ya chai, akaanza kunihadithia habari za wake wema wa zamani. Akasema walikuwapo waliofika utu uzima wakawasamehe waume zao zamu, wakawaachia wenzao, na thawabu zao ni kubwa. Alikuwa anayasema hayo huku anatazama mkwaju wake wa kutembelea, hanitazami mie. Nikamjibu kwamba waliosamehe walisamehe, mie sijasamehe. Akacheka kidogo, akaomba chai nyengine. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno la namna ile halirudi.

Halafu likaja gunia.

Mwenzangu ana mtoto wa kiume dereva wa lori huko bara, anapita kwenye milima ya baridi ambako kondoo, anavyosema, wana manyoya mengi hata miguu haionekani. Kondoo wetu hapa ana nywele fupi kama za mbuzi, hakatwi manyoya, hana la kukatwa. Basi huyo mtoto akasikia magoti ya baba yake, akanunua gunia zima la sufu mbichi, kama ilivyotoka mgongoni mwa kondoo, akalitia melini. Alimpelekea mama yake, amtengenezee baba takia la kulazia magoti.

Amempelekea mama yake. Hilo nililisikia kwanza, kabla ya gunia kufika.

Mzee wangu ana aibu zake, lakini katika kugawa ni muadilifu. Kinachoingia kwa mmoja kinaingia kwa wote. Anaogopa kufufuliwa siku ya Kiyama ubavu mmoja umelala. Akaitundika ile mizani ya karafuu kwenye boriti ya baraza ya msikiti, akatuita sote wawili, akapima sufu mbele yetu. Akatoa huku, akatia kule. Mwisho likabaki donge moja halijui liende wapi, akalivuta kwa vidole likawa madonge mawili, akatupa kila mmoja lake. Watu wanatoka kusali wanatutazama. Mie nilitaka ardhi inimeze, mwenzangu anacheka.

Akasema, kila mmoja anifanyie takia, na magoti yatasema. Hakusema yatasema nini. Mie nilijua: yatasema yalale wapi.

Nikapanda kilima na nusu gunia kichwani. Nilipolimwaga uani nikaona kazi niliyopewa. Ile si sufi ya mti, ambayo unaichambua mbegu ukatia kwenye mto wa kulalia ukashona. Ile ilikuwa ya manjano, inanata mafuta, ina vinyesi vimekauka humo, ina miiba na majani, na harufu yake ukiivuta inakaa kooni. Mie nimesuka mikeka tangu sijavunja ungo. Nimezika makumbi ya nazi pwani nikayapiga nikasokota kamba. Karafuu sihesabu. Lakini manyoya ya kondoo nilikuwa sijayatia mkono hata siku moja.

Ingetosha kushuka kuuliza. Mwenzangu alikuwa anazungumza na mwanawe kwenye simu kila siku, na mwanawe aliwauliza wenye kondoo wenyewe sufu inaoshwaje. Njia yote ile ni ya kuteremka. Lakini nikajiona nimesimama mlangoni kwake, mie niliyemfulia mume nguo aliyovaa kumwoa yeye, namwambia nifundishe. Bora niipike ile sufu kwa nazi niile.

Basi nikafanya ninavyojua. Miyaa ya mkeka inachemshwa, na makumbi yanapigwa. Nikasema kitu chochote kigumu kikichemshwa na kupigwa kitalainika, ndivyo Mungu alivyoviumba. Nikaisugua sufuria yangu kubwa ya kuchemshia rangi ya miyaa, nikaijaza maji, nikatia sabuni ya unga mikono mitatu, nikawasha moto wa makuti na vifuu. Maji yalipotokota nikaizamisha sufu, nikaikoroga na mwiko wa kupikia wali wa harusi. Harufu ikatoka ikaenda mpaka njiani. Mtu mmoja akapita akauliza kunapikwa nini leo. Nikamwambia pilau.

Nikaitoa inafuka moshi, nikaitia juu ya jiwe, nikachukua rungu la makumbi nikaanza kuipiga. Nikaimwagia maji ya baridi ya mtungini, nikaipiga tena. Makumbi kadiri unavyoyapiga ndivyo nyuzi zinavyoachana, unaona kazi yako. Hii kadiri nilivyoipiga ikawa inakumbatiana. Nikasema ni uchafu umeshika. Nikaongeza sabuni, nikairudisha motoni, kesho yake nikaipiga tena kutwa nzima mpaka mabega yakawaka.

Siku ya pili jioni nusu gunia lilikuwa limekuwa kitu kimoja. Kikubwa kama sinia, kinene vidole viwili, rangi ya majivu. Nikajaribu kukipasua kwa mikono, hakikupasuka. Nikatia kisu, kisu kikateleza. Mwisho, na Mungu anisamehe, nikakiuma. Jino langu la pembeni limelegea tangu siku ile.

Nikakisukuma chini ya kitanda.

Huku bondeni mwenzangu naye alikuwa kazini, na mie kwangu naona kila kitu, kilima kina faida yake hiyo. Alipanga mabeseni manne uani. Akatia maji aliyoyapasha moto kidogo, akaitia sufu humo, akaiacha. Hakuikoroga, hakuipiga. Alikwenda zake kupika. Akarudi, akaiinua kwa mikono miwili kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kwenye maji, akaihamishia beseni jengine, akaiacha tena. Nikasema moyoni, huyu anafua au anailaza usingizi? Nikamwona mvivu. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akalitandika lile jamvi la karafuu, akaitandaza sufu juu yake.

Ilikuwa nyeupe. Ungedhani yangeyange wametua uani kwake.

Na Mzee alikuwa amekaa kigodani pembeni ya jamvi, anachomoa vijani na miiba kwenye sufu, mmoja mmoja, kwa vidole vyake. Mie nimemsukia huyu mume mikeka hesabu yake siijui, na hajawahi kunishikia ncha ya ukili. Niliangalia mpaka chai yangu ikapoa. Nilitaka kutazama kwengine nisiweze.

Ijumaa yake mwenzangu akaenda mazikoni Msuka. Alisubiri jua litoke, akaitandaza sufu, akaondoka. Mzee alikuwa kaenda shamba la mbali, Ijumaa atasali huko huko. Msikiti wetu hausaliwi Ijumaa, bonde lilikuwa halina mtu. Kabla ya adhuhuri nikaona wingu linakuja, lile la vuli, jeusi, halina mazungumzo.

Sasa hapa kwetu kuna jambo. Mvua ikija, uadui unasita. Karafuu ya mtu ikiwa imeanikwa na mwenyewe hayupo, anayeiona anakwenda kuianua, hata kama hawasemezani. Hatukufundishwa chuo cha Kurani wala skuli, tumelikuta. Mama yangu alikuwa na jirani aliyemtukana mbele ya watu, na mvua ilipokuja nilimwona mama anakimbia na kanga moja kwenda kumwanulia karafuu zake. Akamaliza, akarudi, akakaa pale pale penye maneno akaendelea kumtukana.

Nikainuka. Nikafika kizingitini. Nikatia mguu mmoja nje, na tone la kwanza likanipiga kwenye unyayo.

Nikafikiri karafuu ikinyeshewa inavyokuwa. Inafifia, inakuwa mpeta, haina harufu, haina thamani, hata ukiianika mwezi mzima. Nikasema moyoni, na iwe mpeta. Neno hilo nililisema nikiwa na akili zangu zote. Nikaurudisha mguu ndani.

Mvua ikapiga. Ile sufu ikalala juu ya jamvi, ikawa kama majivu yaliyomwagiwa maji. Nilikaa kwenye kiti changu nikaisikiliza mpaka ikaisha. Nilisali adhuhuri, na wakati wa kuomba dua sikuinyanyua mikono sana.

Kesho yake jua likatoka, nikaenda kutazama. Ilikuwa nyeupe kuliko jana. Ile mvua ilikuwa imeisuuza povu lililobaki, na jua likaiinua, ikasimama juu ya jamvi inatikisika kwa upepo. Kumbe sufu si karafuu. Kondoo mwenyewe hunyeshewa maisha yake yote, na mie mtu mzima sikulifikiri hilo. Nilidhulumu, na dhuluma yangu ikamfanyia kazi yake.

Takia lake likashonwa wiki ile. Mzee alipopanda kwangu, akauliza langu liko wapi. Sikutaka kusema uongo wa pili juu ya ule wa pilau. Nikainama nikakivuta kile kitu chini ya kitanda, nikampa.

Akakigeuza. Akakigonga kwa kidole.

"Bi Mkubwa, hii ni sufu au ni mlango?"

"Ni sufu. Imeiva sana."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akakiweka chini taratibu, akaanza kusema kwa sauti ile anayosemea na wagonjwa. Akasema haki zangu zote nitaletewa, unga, samaki, nguo, hakitapungua kitu. Atakuwa anapanda kunijulia hali siku magoti yakimruhusu. Akasema nilifikirie lile jambo la zamu, anaomba tu, halazimishi. Nikamwambia nimesikia.

Sitaki kudanganya hapa. Si kwamba nina haja na mume kama nilivyokuwa msichana. Lakini zile siku mbili ndizo zinazonifanya nichague samaki, nitie udi chumbani, nigombe na mtu. Nikizitoa, nitakuwa bibi wa juu ya kilima anayepelekewa unga.

Kulipokucha, Mzee alipokwenda zake, nikavaa buibui nikateremka. Nyumba ya mwenzangu siingii ila Sikukuu au msiba. Nikapiga hodi. Alikuwa uani anapepeta mchele. Akasema karibu Bi Mkubwa, akanitandikia mkeka, na mkeka wenyewe niliusuka mie. Tukaulizana hali, za nyumbani, za watoto, za wajukuu, zote njema. Kisha tukawa hatuna la kuulizana.

"Mvua ile ya Ijumaa niliiona inakuja," nikamwambia. "Nilikuwa nyumbani."

"Najua." Aliendelea kupepeta. "Nilikuwa njiani narudi, nimejibanza chini ya mwembe ule wa kona. Nilikuona umesimama mlangoni, mguu mmoja nje."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Mwanangu alishanambia mvua haina neno na sufu." Akaweka ungo chini. "Na mie moshi wako niliuona, Bi Mkubwa. Siku mbili. Rungu nalo nililisikia. Simu ninayo mkononi, na najua kwamba sufu haichemshwi wala haipigwi. Nikakaa."

"Ukakaa."

"Nikacheka pia."

Hilo nililijua. Nilikisikia kicheko chenyewe.

Tukatazamana. Nilikwenda pale na dhambi yangu nimeibeba kichwani kama lile gunia, nikamkuta mwenzangu ana ya kwake, uzito ule ule. Akasema Mzee anataka tugawane sawa kila kitu, basi hapo pia hana la kulalamika. Nilikaza midomo nisicheke. Sikumwendea kwa ajili ya kucheka.

"Zamu yangu siitoi," nikamwambia. "Akikwambia nimeitoa, sijaitoa."

"Nani kakwambia naitaka? Siku nne mfululizo, na mkoromo ule? Siku zako mbili ndizo ninazolala, Bi Mkubwa."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Na kama alinihurumia, hilo silimezi, kwani tusi la mke mwenza ni jepesi kuliko huruma yake. Nilimtazama usoni nisijue. Ana uso mzuri ule, hausomeki.

Mzee nilimpa jibu langu siku ile ile, njiani, mbele ya watu wanaotoka msikitini, ili asije akasahau nilichosema. Nikamwambia, "Zamu yangu ni yangu. Utapanda." Akaitikia kwa kichwa, akatazama kilima.

Na mie nikakitazama, maana kilima kweli kinamshinda na magoti si ya uongo. Nikarudi nyumbani nikakitoa kile kitu changu, nikateremka nacho mpaka kwenye lile jiwe la katikati ya njia. Jiwe lile lina ncha, na mvua ikinyesha linakuwa baridi kama samaki. Nikakitandika juu yake. Kilikaa sawasawa, utasema kilipimwa. Nikakiacha pale pale, jua lake, mvua yake. Si nimeshajifunza kwamba mvua haina neno nayo?

Zamu yangu ilipofika Mzee alipanda. Akafika jiweni, akasimama, akalitazama, akakaa. Alikaa muda, akanyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili. Kisha akainuka akamalizia kilima. Alikuwa na takia la mwenzangu begani, akasema mwenzako kasema takia liende na magoti yanapokwenda. Nikalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa linanuka udi wake. Siku ile ile nikalishonea foronya kwa kanga yangu, na kila likija nalivisha kwanza kabla halijaguswa. Likiondoka naivua, naifua, naianika.

Jiweni anakaa kila akipanda. Haniambii kama panamfaa wala mie simuulizi, lakini hajarudi bondeni tena katikati ya njia.

Juzi nilikuwa natoka kuteka maji nikamkuta mwenzangu amekaa pale, amekikalia kile kitu changu, anajipepea kwa ncha ya kanga. Alikuwa anakuja kwangu kuniletea habari ya harusi ya watu wa Wambaa. Akasema, "Bi Mkubwa, hiki kinakalika kuliko takia langu."

Nilitua ndoo, nikasimama mbele yake mpaka akafahamu. Akainuka, akacheka kile kicheko chake. Nikakaa mie.